Tuikague Spea Kabla ya Kumlaumu Fundi

(Mazungumzo yetu kwa vikundi vya kujisaidia vya Kericho na Bomet)

Tumeombwa tueleze jinsi kikundi chetu kilivyokaribia kuvunjika kwa sababu ya kitu kidogo kuliko kiberiti. Kitu chenyewe ni transista.

Wengi wenu mna vyombo kama vyetu: amplifaya ya batri ya gari, spika mbili na maikrofoni. Tunavikodisha kwenye arusi, matanga na harambee, na pesa zinaingia kwa mwekahazina. Ndani ya amplifaya yetu mna transista mbili za namba 2N3055, zile za kofia ya chuma. Hizo ndizo zinazobeba mzigo wa kusukuma spika.

Siku moja ziliungua. Fundi wetu, kijana wa hapa hapa, akanunua nyingine dukani, akazifunga. Siku ya matanga, mzee akiwa katikati ya maneno yake, sauti ikakatika na moshi ukatoka. Kijana akanunua tena. Hazikumaliza hata wiki mbili. Basi maneno yakaanza. Wengine wakasema ameuza zile nzuri akatuwekea za ovyo. Wengine wakamshuku mwekahazina, kwa kuwa ndiye aliyetoa pesa. Kijana akaacha kuja mikutanoni.

Ndipo mwalimu mmoja wa ufundi akatushauri tukate kofia za transista zilizoungua kwa msumeno. Tulizikata mbele ya wanachama wote, moja ya zamani na moja mpya. Ndani ya ile ya zamani kulikuwa na kipande kipana cha silikoni. Ndani ya ile mpya kulikuwa na kijipande kama punje ya wimbi. Kwa nje zilikuwa pacha! Jioni hiyo tulienda nyumbani kwa kijana, tukamwomba msamaha.

Transista feki ni nini? Mara nyingi si kitu kilichokufa. Ni transista ndogo iliyovalishwa koti la kubwa. 2N3055 ya kweli imetengenezwa kubeba hadi ampea 15. Ile ndogo itafanya kazi sauti ikiwa chini, ukipandisha inaungua. Kwa hiyo kupima kwa mita peke yake hakutoshi. Mita itaonyesha kama volti 0.6 kati ya besi na emita, iwe ya kweli au feki.

Mnamjua karani wa kituo cha chai. Hapimi kilo kabla ya kukagua majani. Akiona majani magumu, anakwambia uchambue. Sisi tunakaguliwa majani yetu, lakini tukienda dukani tunapokea chochote. Tuanze kukagua hivi:

1. Soma jina na tarehe. RCA ya Marekani ndiyo iliyoanza kutengeneza 2N3055 miaka ya 1960, lakini ilinunuliwa mwaka 1986 na haitengenezi transista tena. Motorola nayo ilitenga kazi hiyo mwaka 1999, ikawa kampuni nyingine, ON Semiconductor. Tarehe mara nyingi huwa namba nne: 0832 ni wiki ya 32 ya mwaka 2008. Transista yenye jina la Motorola na tarehe ya 2008 inajishtaki yenyewe.

2. Futa. Kwa zile za plastiki, kama C5200, sugua kwa pamba yenye asetoni, ile ya kutoa rangi ya kucha. Wino kufutika si ushahidi kamili. Lakini rangi nyeusi ikitoka na chini yake kuna mikwaruzo au namba nyingine, hiyo imepakwa upya.

3. Linganisha. Shika mpya na ya zamani pamoja. Angalia herufi, unene wa bati la chini, na miguu. Miguu ikiwa na alama za kuchomelewa, ilishatumika.

4. Pima kwa mzigo. Fundi aifunge 2N3055 kwenye bati la aluminiamu la kupozea, kwa batri ya volti 12 na fyuzi ya ampea 10. Balbu mbili za breki za wati 21, zikiwa sambamba, zitoke chanya hadi kolekta. Rezista ya omu 27, wati 10, itoke chanya hadi besi. Emita iende hasi. Balbu ziwake sawasawa, na kati ya kolekta na emita mita isipite volti 1.1. Ikipita, au transista ikichemka haraka, usiifunge kwenye amplifaya.

5. Kata moja iliyoungua. Viwanda vya siku hizi pia hutumia silikoni ndogo kuliko ya zamani, kwa hiyo tumieni ukataji kuongezea ushahidi mwingine. Msikate transista za mitambo ya kurusha mawimbi ya redio, maana nyingine zikikatwa hutoa vumbi la sumu.

Tangu hapo tumeweka kanuni. Wanachama wawili huenda dukani pamoja na fundi. Tunanunua moja kwanza, tunaipima, ndipo tunanunua nyingine. Risiti inaandikwa namba ya transista. Zilizoungua tunazitunza kwenye mkebe. Na tunaanza na mwenye duka kwa heshima, kwa sababu huenda naye aliuziwa feki bila kujua.

Akikataa kabisa kusikia, mjue mna haki. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha. Kuuza bidhaa bandia ni kosa kwa sheria ya mwaka 2008, na kuna Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya kupokea malalamiko. Lakini bila risiti na bila ile spea mkononi, mtasema nini?

Transista tuliweza kununua nyingine. Kijana yule, kama angehama na uchungu wake, tungempata wapi mwingine?

Maswali ya kujadili katika kikundi:
– Chombo chetu kikiharibika, huwa tunamlaumu nani kwanza? Kwa ushahidi gani?
– Risiti zetu na spea za zamani ziko wapi leo?
– Ni nani wawili watakaofuatana na fundi dukani?