Mboga za Majani Mbele ya Sukari Nyingi: Zinachoweza na Zisichoweza



Glukosi ikizidi kwenye damu, mitokondria zinazozalisha nguvu ndani ya seli huelemewa na kutoa chembe huru kwa wingi. Chembe hizo huumiza kuta za mishipa ya damu, figo na retina ya jicho. Michael Brownlee wa Marekani aliueleza mwenendo huo katika jarida la Nature mwaka 2001. Sukari iliyozidi hunata pia kwenye protini za mwili na kuziharibu.

Mchicha, matembele, mnafu, majani ya kunde na ya maboga yana vitamini C, karotini, luteini na polifenoli, yaani antioksidanti zinazozima chembe huru. Maelezo haya yanapendwa sana, na mimi huona yanapendwa kupita kiasi. Polifenoli nyingi hufyonzwa kidogo tu tumboni. Tusisahau nyuzinyuzi, zinazopunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu, wala magnesiamu.

Mwaka 2010 Patrice Carter na wenzake wa Leicester, Uingereza, walijumlisha tafiti sita zenye watu zaidi ya 220,000. Waliokula mboga za majani kwa wingi walikuwa na hatari ya kisukari cha aina ya pili iliyopungua kwa asilimia 14. Lakini huo ni uhusiano tu, si uthibitisho wa sababu. Mla mchicha huenda pia anatembea zaidi na havuti sigara. Na anayetaka kuruka sahani akanunue vidonge vya antioksidanti akumbuke Ufini: utafiti uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kuwa wavuta sigara waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi, si pungufu.

Sasa twende jikoni, maana huko ndiko tunakopoteza mengi. Magadi hulainisha mboga upesi na kuiacha na kijani cha kupendeza, lakini huangamiza vitamini C. Kuchemsha mno kisha kumwaga maji ni hasara nyingine. Mchicha unatosha dakika chache, sufuria imefunikwa. Kisamvu kisiguswe na ushauri huu: lazima kitwangwe na kuchemshwa sana ili sumu ya sayanidi itoke. Tui la nazi au karanga, ambazo baadhi yetu wahudumu wa afya tumewahi kuwakataza wagonjwa kabisa, ndizo zinazosaidia karotini kufyonzwa; kidogo kinatosha.

Kuhusu sukari yenyewe, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2015 kwamba sukari huru, yaani ya kuongezwa pamoja na ya asali na juisi za matunda, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ibaki chini ya asilimia 5, yaani gramu 25 hivi. Chupa moja ya soda ya kawaida ya mililita 350 huwa na zaidi ya gramu 30. Matembele ya mchana hayaifuti soda hiyo.

Kwa hiyo naomba mjadala wetu uanzie hapa: katika somo la lishe kliniki, muuguzi amuulize mgonjwa kwanza anaweka vijiko vingapi kwenye chai, ndipo wazungumzie mboga.