Meka na Biblia Juu ya Meza Moja

Masomo: Yakobo 1:22-25, Kumbukumbu la Torati 25:13-16, Nehemia 5:1-13

Chukueni Biblia, ya Kiswahili, ya Kisanga, ya Kibemba, ya Kiluba ao ya Kifaransa, ile mliyo nayo. Asiye na Biblia akae karibu na jirani mwenye nayo.

Leo hatutawaambia msome sura nyingi zaidi. Shauri hilo mmelisikia: sura tatu kila siku, na tano siku ya Jumapili, kwa mwaka mmoja utamaliza. Ni shauri jema na hesabu yake ni ya kweli, maana Biblia ina sura 1189. Wako kati yetu waliokwisha kumaliza mara mbili na mara tatu, tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Swali letu ni lingine. Sura uliyosoma saa kumi na mbili asubuhi, ikifika saa nne iko wapi?

Yakobo anatupa mfano wa mtu anayejitazama katika kioo, kisha anaondoka na kusahau namna uso wake ulivyo. Tuufikiri mfano huo na vumbi letu. Mwezi wa tisa, mvua ikiwa haijaanza, malori yakipita barabarani, kila uso unakuwa mwekundu. Mtu anajitazama, anaona vumbi kwenye paji. Kioo hakikumdanganya, na macho yake ni mazima. Lakini beseni ya maji iko pale pale, yeye anaondoka bila kunawa. Ndivyo tunavyoweza kusoma, kupiga mstari kwa kalamu chini ya andiko, kusema Amina, na kutoka na vumbi letu.

Sasa tufungue Kumbukumbu la Torati sura ya 25. Mungu anawakataza watu wake wasichukue mfukoni mawe mawili ya kupimia, moja kubwa na moja dogo, wala wasiweke nyumbani vipimo viwili. Kwa nini mawili? Kubwa ni la kununulia, dogo ni la kuuzia. Mungu wetu anajua biashara! Na muangalie amri hii imekaa wapi. Haikai pamoja na habari za sadaka na mavazi ya makuhani. Ukirudi nyuma sura moja tu, utakuta mshahara wa kibarua ambao haupaswi kulala kwa tajiri, na masazo ya shamba yanayoachiwa mjane na yatima. Mwisho wake Mungu anasema afanyaye hivyo ni chukizo kwake.

Katika soko zetu jiwe lile linaitwa meka. Kila mama anayeuza unga anaijua, na yule anayenunua anaijua zaidi. Ujanja wake si siri. Chini ya meka panagongwa na nyundo mpaka panapanda ndani. Ao unga unamwagwa polepole, usishikane, hewa ibaki katikati. Ao kiganja kinapita juu kwa haraka na kurudisha kiasi ndani ya gunia. Wauza makala nao wana namna yao: juu ya gunia vipande vikubwa vizuri, katikati majani na vumbi la makala. Kwenye depo za kununua mawe ya shaba, wachimbaji wadogo wanalalamika juu ya mizani, na juu ya mashine inayosema kiasi cha shaba kilichomo. Na mchimbaji naye, mara nyingine, ameloanisha gunia usiku ili liwe zito. Kila mmoja ana mawe yake mawili.

Lakini tukae kwenye meka, maana hapo ndipo panaumiza zaidi. Anayeibiwa ni nani? Mwenye pesa ananunua gunia zima la kilo 25, limeshonwa kiwandani, hakuna wa kumpimia. Anayenunua kwa meka ni yule aliyepata franka zake leo, na atazila leo. Ni mama mjane, ni kibarua wa siku, ni mtoto aliyetumwa na noti moja mkononi. Meka iliyogongwa haimpati tajiri hata siku moja. Inamchagua maskini. Mnakumbuka mwaka 2023, bei ya unga iliporuka Lubumbashi: kuna nyumba zilizopika bukari mara moja kwa siku, na ndani ya mara ile moja kulikuwa na upungufu wa nyundo.

Nabii Amosi, sura ya 8, aliwaona watu wa namna hiyo. Jambo linalotushangaza kwao ni kwamba walishika sabato. Hawakufungua duka siku ya Mungu. Walikaa wakingoja jua lishuke, ili wakafungue ghala na kupunguza kipimo. Mwili ulikuwa ibadani, moyo ulikuwa unahesabu.

Basi, tuseme kuna mama mmoja wa kanisa aliyesoma maneno haya jana jioni na tochi ya simu, kwa sababu umeme ulikatika. Neno limemshika. Asubuhi anachukua nyundo, anageuza meka, anairudisha chini yake mahali pake. Tuseme gunia lake lilikuwa linatoa meka kumi na moja. Sasa linatoa kumi. Ile ya kumi na moja ndiyo ilikuwa pesa ya masomo ya mtoto. Akipandisha bei kidogo, wanunuzi wanakwenda kwa jirani mwenye meka ya kugongwa, wakifikiri kwamba kule ni rahisi. Jioni anarudi na unga wake kichwani.

Hatutamdanganya mama huyu. Wako wahubiri watakaomwambia kwamba akitii leo, kesho wanunuzi watajipanga mlangoni na mwezi ujao atanunua gari. Sisi hatuko pamoja nao. Andiko linaahidi siku nyingi katika nchi kwa watu wenye kipimo cha haki. Halikusema kwamba Jumatatu itakuwa nyepesi. Utii una bei, na mara nyingi bei hiyo inalipwa na yule aliyekuwa na kidogo.

Kwa hiyo tunaomba msome Nehemia 5 pamoja na Yakobo. Kule Yerusalemu kulikuwa njaa. Watu waliweka rehani mashamba na nyumba ili wapate ngano, na wakopeshaji walikuwa wandugu zao wenyewe. Nehemia alikasirika sana. Lakini angalieni alivyofanya. Hakumwambia kila mmoja aende nyumbani kwake akaombe na kuona moyo wake unasema nini. Aliita kusanyiko kubwa. Alisema mbele ya wote kwamba tendo lile si jema. Wakakubali kurudisha mashamba, mizabibu, nyumba na faida waliyokuwa wanatoza. Akawaita makuhani, wakaapa. Akakung'uta nguo yake mbele yao iwe ishara, na kusanyiko lote likasema Amina. Amina ile ilikuwa na hati za mashamba ndani yake.

Walirudisha pamoja. Hapo ndipo mama yetu anapata msaada. Meka moja ya haki kati ya ishirini za kugongwa inamfilisi mwenyewe. Meka tano za haki katika mstari mmoja wa soko, wanunuzi watazijua kabla ya mwezi kwisha, maana mnunuzi wa meka hasahau mahali alipopimiwa vizuri. Wamama wauza unga wa kanisa moja, hata wa makanisa mbalimbali, Wakatoliki, Wametodisti, Wapentekoste, waketi siku moja, waweke meka zao chini, wazilinganishe, wakubaliane juu ya moja. Wazee wa kanisa wanaouza kwa jumla wawape gunia kwa bei ya kuwasaidia wasimame. Na kama mama amepungukiwa pesa ya masomo kwa sababu ya kutii Neno, habari hiyo si yake peke yake. Likelemba ya wamama impe zamu ya kwanza. Kanisa lililomsomea andiko lisimwache alipe peke yake.

Wewe ambaye huuzi unga, usifurahi haraka. Soma Luka 3:10-14. Watu walimwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, naye akamjibu kila mmoja kwa kazi yake. Watoza ushuru aliwajibu habari ya ushuru, askari aliwajibu habari ya mshahara na ya kunyang'anya watu. Hakumwambia askari habari ya ushuru. Ukisoma, uliza kazi yako inajibiwa nini.

Neno hili lina siku nyingi katika nchi yetu. Arnot alifika Bunkeya kwa Msiri mwaka 1886. Dan Crawford alimfuata mwaka 1890, akakaa miaka mingi Luanza kwenye ziwa Mweru, akatafsiri Maandiko katika Kisanga, akafa huko mwaka 1926. Lakini tusisahau wengine, ambao majina yao hayasemwi sana: watu wa Katanga waliouzwa utumwani hata Angola, wakamjua Kristo kule, na walipopata uhuru wakarudi kwao kwa miguu. Katika vijiji walivyorudi, wengi hawakujua herufi moja. Walichoweza kusoma ni mtu aliyerudi: je, analipa kisasi? Je, anasema kweli akigawa nyama? Hata leo, mama anayenunua meka yako labda hajui kusoma. Lakini ataisoma meka.

Tunawaomba jambo moja. Jumamosi hii, kabla ya kwenda soko, weka meka juu ya meza karibu na Biblia. Waite watoto. Mmoja asome Kumbukumbu la Torati 25:13-16 kwa sauti. Mwingine aingize mkono ndani ya meka, aguse chini. Kisha muamue nyumbani nani mtamwendea siku hiyo hiyo ili mfanye pamoja.

Tuombe. Baba yetu wa mbinguni, unaijua bei ya unga na unaijua pesa ya masomo. Umkumbuke mama atakayepima haki wiki hii na kurudi na gunia halijauzwa. Umtumie ndugu wa kanisa mlangoni pake kabla ya usiku. Katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.