Kabla ya Kutandika Mkeka: Ya Kujua Unapoanza Pilates

Mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti kwa kikundi cha wakazi, kabla ya darasa lao la kwanza.

Nimeombwa niseme machache kabla mkufunzi hajachukua nafasi yake, nami nitajitahidi yawe machache kweli, ingawa mnajua sisi watu wa habari tukishika kipaza sauti.

Nianze na jina, maana limezua mzaha. Pilates haina uhusiano wowote na Pontio Pilato. Si dini, si dhehebu. Ni jina la mtu, Joseph Pilates, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1883 katika mji wa Mönchengladbach. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alizuiliwa Uingereza pamoja na Wajerumani wenzake, na huko kizuizini akaendelea kuyatengeneza mazoezi yake. Miaka ya 1920 alihamia New York akafungua mahali pa kufundishia. Yeye mwenyewe aliyaita Kontroloji, kwa maana ya kuutawala mwili. Jina la Pilates lilishika zaidi baadaye. Alifariki mwaka 1967.

Kitabu chake cha mwaka 1945 kina mazoezi 34, na yote hufanyiwa sakafuni bila mashine. Nalitaja hilo makusudi. Picha zinazozunguka kwenye simu zetu huonyesha vitanda vyenye springi na wasichana wembamba mbele ya vioo, kwa hivyo mtu wa Nyamache au Ekerenyo akiziona anasema hayo ni mambo ya Nairobi. Mkeka na blanketi vinatosha.

Sasa nije kwa swali ambalo kila mtu analo moyoni, na wazee hawaoni haya kulisema: sisi tunalima, tunachuma chai, tunabeba ndizi hadi Daraja Mbili, mazoezi ya nini tena? Ni swali la haki, na halijibiwi kwa kuambiwa tu kwamba mazoezi ni mazuri.

Mtazame mchumaji chai wa Kebirigo au Kiamokama. Asubuhi yote amesimama kwenye mteremko, ameinamia kichaka, mikono iko mbele, kikapu kinamvuta nyuma na kinazidi kuwa kizito. Akishapima majani kituoni anarudi nyumbani, na huko anainamia jiko, anainamia karai la nguo, anainamia mtoto. Mchongaji wa mawe ya sabuni kule Tabaka anakunja mgongo juu ya jiwe lake kutwa nzima. Wa bodaboda amejikunja juu ya usukani, na barabara zetu za milima zinamtikisa kiuno. Sisi wa ofisini tumejikunja mbele ya kompyuta, tena bila hata jasho. Kazi ni tofauti, lakini mwili unaelekezwa upande mmja tu, mbele na chini. Misuli ya mgongo inachoka kwa kushikilia, ya mbele ya nyonga inakaza, na ile ya ndani ya tumbo, inayozunguka kiuno kama mshipi, haipati kazi ya kuiimarisha.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za kuchangamsha mwili kila wiki, na juu ya hizo, siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli. Mtu anayepanda na kushuka miteremko ya Manga kila siku huenda hizo dakika amezimaliza kabla ya Jumatano. Anachokosa ni kazi ya upande wa pili: kunyoosha kilichokazwa, kuimarisha kilicholegea, kufanya pole pole huku akili ikiangalia. Hapo ndipo Pilates inapoingia. Sisi ni watu wa mbio, tumewatoa Nyandika Maiyoro na Naftali Temu aliyeleta dhahabu ya mita 10,000 kutoka Mexico mwaka 1968, kwa hivyo zoezi lisilo na kasi linatuonekania kama mchezo wa watoto. Subirini dakika kumi za kwanza ziishe.

Lakini tusiuziane ndoto. Mwaka 2015 watafiti wa mtandao wa Cochrane walikusanya majaribio yaliyofanywa kwa watu wenye maumivu ya chini ya mgongo. Walikuta kwamba waliofanya Pilates walipata nafuu kuliko walioachwa karibu bila kufanyiwa lolote, ila hapakuwa na uthibitisho wa kutosha kwamba inashinda aina nyingine za mazoezi. Kwa hivyo anayewaambia kwamba Pilates inaponya kila mgongo, au inaondoa kitambi kwa wiki mbili, huyo anatafuta ada. Mtu akifanya mara mbili au tatu kwa wiki, ahesabu majuma kadhaa kabla ya kuona tofauti.

Kabla ya kulala kwenye mkeka, ijue hali yako. Presha kwanza. Wahamasishaji wa afya ya jamii wanaopita vijijini wamepewa mashine ya kupima presha na kifaa cha kupima sukari, na wengi wetu tunawaona wakipita tunasema tutapimwa siku nyingine. Mwenye presha ya juu isiyotulia aitulize kwanza kliniki. Wote, wenye presha na wasio nayo, msizuie pumzi mnapojikaza, kwa sababu kufanya hivyo kunapandisha presha ghafla. Vuta hewa kwa pua, itoe kwa mdomo wakati wa sehemu ngumu.

Wazee wetu, hasa akina mama waliokoma hedhi zamani, mifupa huenda imepungua nguvu bila dalili yoyote. Mwenye mifupa dhaifu, au aliyewahi kuvunjika mfupa kwa kuanguka kidogo tu, asifanye yale mazoezi ya kukunja uti wa mgongo mbele na kujibingirisha kama mpira. Yapo mengine ya kumfaa, na mkufunzi anayejua kazi yake atayatoa bila kuombwa.

Nina jambo na akina mama waliojifungua, na naomba wanaume mvumilie, maana ni la wake zenu na dada zenu. Kuna mama anayetokwa na mkojo kidogo akikohoa, akicheka au akiinua mtungi. Anaificha hali hiyo, anavaa kitambaa, anaacha kukaa mbele kanisani. Ameambiwa na shangazi kwamba ndivyo uzazi ulivyo. Ni kweli hutokea kwa wengi, lakini si jambo la kuvumilia maisha yote. Misuli inayobeba kibofu na mfuko wa uzazi imelegea na inaweza kufundishwa upya, na Pilates hutumia misuli hiyohiyo. Ila kwa mwenye shida hii darasa la kikundi si mahali pa kuanzia. Aanze na mtaalamu wa fiziotherapia hospitalini, ahakikishe anaikaza misuli inayotakiwa, kwani wengi hukaza makalio au husukuma chini wakidhani wanavuta juu, na kusukuma kunaongeza tatizo. Na mkojo ukitoka mfululizo baada ya uchungu wa uzazi uliochukua muda mrefu, huenda ni fistula. Hiyo haitibiwi kwa mazoezi. Inatibiwa hospitalini, na hakuna aibu ndani yake.

Aliyejifungua asubiri uchunguzi wa wiki ya sita. Aliyefanyiwa upasuaji asubiri ruhusa ya daktari hata kama kidonda kimekauka kwa nje. Mjamzito aje na neno la kliniki, na mimba ikishakua asilale chali kwa muda mrefu.

Kuhusu mkufunzi: mtaalamu wa fiziotherapia nchini lazima awe amesajiliwa na baraza lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Mkufunzi wa mazoezi ni mtu mwingine, hata akivaa shati jeupe. Muulize alijifunza wapi na kwa muda gani. Kisha mtazame: je, amekuuliza kuhusu afya yako kabla ya kukuuliza kuhusu malipo? Anazunguka akirekebisha watu, au amesimama mbele akifanya mazoezi yake mwenyewe? Lipia siku moja kwanza, mwezi baadaye.

Mavazi yasiwasumbue. Mama asiyevaa suruali avae sketi pana na kitu cha kubana ndani, akae kwenye mstari wa nyuma akipenda. Sakafu ya simenti ya kwetu ni baridi na mkeka huteleza, kwa hivyo blanketi iliyokunjwa iwe juu. Na tafadhali, usije moja kwa moja kutoka kwenye sahani ya obokima na chinsaga. Acha saa mbili zipite.

Zoezi la kwanza mtakalopewa huenda likawa hili. Lala chali, magoti juu, nyayo sakafuni. Toa hewa, huku ukivuta kitovu ndani taratibu kama unayefunga leso kiunoni. Inua nyonga pole pole, mfupa mmoja wa mgongo baada ya mwingine, kisha urudi chini vivyo hivyo. Mara sita tu. Jirani yako akifika kumi na mbili, mwache. Na mkiambiwa muinue kichwa, shingo ikilalamika kirudisheni chini. Zoezi litaendelea kufanya kazi yake.

Kesho na kesho kutwa misuli itauma kidogo ukigusa. Hiyo ni kawaida. Maumivu makali ya ghafla, au yanayoshuka kama umeme kutoka kiunoni hadi mguuni, yanakuambia usimame hapo hapo. Na kuna mgongo ambao haustahili kuja hapa kabisa leo: ulioanza kuuma baada ya kuanguka, au unaouma usiku ukiwa umelala, pamoja na homa, jasho la usiku au kupungua uzito, kwa sababu kifua kikuu huingia hata kwenye uti wa mgongo. Miguu ikipoteza nguvu, sehemu za siri zikifa ganzi, au ukishindwa kuzuia haja, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje hata kupambazuke.

Kama kuna yeyote aliyejisikia katika hayo niliyoyataja, asiinue mkono. Mkufunzi amekaa pale mezani karibu na mlango. Pitieni kwake mmoja mmoja kabla hamjatandika, mmwambie polepole. Walio na kadi za kliniki watangulie.