Safari Mara Tano, Dunia Hata Mara Moja

Msikilizaji, kila wanapotajwa madereva hodari waliokosa ubingwa wa dunia, jina la kwanza huwa Stirling Moss, Mwingereza wa langalanga aliyemaliza wa pili miaka minne mfululizo, 1955 hadi 1958. Sina ugomvi na hilo. Lakini sisi wa huku tuna wa kwetu, na tunamtaja kwa nadra mno: dereva wa rali Shekhar Mehta.

Alizaliwa Uganda. Idi Amin alipowatimua Waasia mwaka 1972, Mehta akahamia Kenya, na Pasaka ya 1973 akashinda rali ya huko, Safari Rally, kwa Datsun 240Z. Alama zake za adhabu zililingana na za Harry Källström wa Sweden, ikabidi kanuni ya kuvunja sare iamue. Akashinda tena 1979, 1980, 1981 na 1982. Mara nne mfululizo! Katika Safari zote zilizohesabiwa kwenye ubingwa wa dunia, hakuna mwingine aliyefikisha tano.

Wako wanaosema alikuwa hodari wa barabara za nyumbani tu. Nawaomba waitazame Safari ya 1979, mwaka ambao ubingwa wa dunia wa madereva wa rali ulianza kutolewa. Mercedes walileta magari ya 450 SLC, injini lita tano, silinda nane, na usukani wakawapa miamba, Hannu Mikkola na Björn Waldegård wakiwemo. Mehta na mwelekezi wake, Mike Doughty, walikuwa na Datsun 160J, injini lita mbili.

Sasa fikiria udongo mweusi uliolowa mvua ya masika. Ukikanyaga mafuta kwa pupa, magurudumu yanajichimbia. Ukisita, umekwama. Barabara hazikufungwa: ng'ombe wanavuka, lori linachomoza konani, na mbele yako bado kuna maelfu ya kilomita. Huko dereva lazima ajue wapi pa kukimbia na wapi pa kupunguza mwendo, shokamzoba zisivunjike kabla ya kufika. Mehta alilijua hilo kuliko wote. Akamaliza wa kwanza, Mikkola wa pili, Waldegård nyuma yao.

Na msimu ulipokwisha, bingwa wa dunia alikuwa nani? Waldegård, akimpita Mikkola kwa pointi moja. Bingwa na aliyemfuatia, wote wawili, Mehta alikuwa amewaacha nyuma kwenye matope ya Kenya.

Mbona basi taji hakulipata? Pointi zilikusanywa msimu mzima, na sehemu kubwa ilikuwa Ulaya: theluji ya Sweden, lami ya Corsica, misitu ya Finland. Aliyepewa gari na kiwanda ayazungukie mashindano hayo ndiye aliyekuwa na nafasi. Mehta aliingia machache kila mwaka, na hata hivyo 1981 alimaliza wa tano duniani. Mimi naliona hilo kuwa jambo kubwa sana.

Ajali mbaya nchini Misri mwaka 1987 ilimkatishia udereva. Alifariki London mwaka 2006.

Safari ilirejea kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, na vijana wa Naivasha wamewajua madereva Ogier na Rovanperä kwa rangi za magari yao. Ni vizuri. Watangazaji wenzangu, magari yatakapopita tena, waambieni vijana hao kwamba hata hawa bado hawajaifikia rekodi ya Mehta.