Utajuaje Kisichokuwapo? Habari za Bunduki Moja ya Kale ya Shabaha

(Mazungumzo aliyotoa mmoja wa wanafunzi wa zamani siku ya mkutano wetu)



Katibu wa chama chetu aliponiandikia aliniomba niseme machache juu ya kazi yangu, kisha akaongeza kwamba nisiwachoshe. Kazi yangu Serikalini ni kutunza kumbukumbu na vitu vya kale, nami najua kwamba mtu akisikia hivyo hufikiria vumbi na panya. Kwa hiyo nimeamua kuchukua kitu kimoja tu na kukichambua mbele yenu. Kitu chenyewe ni bunduki ya kulengea shabaha, iliyotengenezwa Uingereza, ikabadilishwa na mafundi, kisha ikapoteza baadhi ya vipande vyake. Swali ni hili: utajuaje ni kipande gani kilichopotea, na hali hukioni?

Katika masjala zetu swali hilo lina jibu jepesi. Kila karatasi inayoingia katika jalada hupewa namba. Ukifungua jalada ukakuta namba 41 kisha namba 43, huhitaji shahada ya Chuo Kikuu kujua kwamba ya 42 imetolewa. Lakini vitu vingi duniani havikupewa namba za namna hiyo. Hapo hapana budi mtu atumie macho na akili.

Kwanza nieleze mtambo wenyewe. Mwaka 1862 Mmarekani mmoja, Henry Peabody, alipata hati ya uvumbuzi wa mtambo wa bunduki ya risasi moja moja, wenye kizibo cha chuma kinachoinama ili mtutu ufunguke kwa nyuma. Bunduki yake ilikuwa na nyundo ya kugonga kwa nje. Friedrich von Martini, mhandisi aliyefanya kazi Uswisi, akaiondoa nyundo hiyo, na mahali pake akaweka ndani ya kizibo pini inayosukumwa na springi. Waingereza wakauunganisha mtambo wa Martini na mtutu wa Alexander Henry wa Edinburgh, na mwaka 1871 bunduki ya Martini-Henry ikawa silaha rasmi ya jeshi lao.

Unavyofanya kazi ni hivi. Chini ya bunduki, nyuma ya kifyatuo, kuna mkono wa chuma. Ukivutwa chini, kichwa cha kizibo huinama na mlango wa mtutu hufunguka. Papo hapo pini ya kugonga hurudi nyuma, na kipande kidogo kiitwacho kitoa ganda hulitupa nje ganda tupu. Ukirudishwa juu, kizibo hupanda na kuufunga mtutu. Ni mtambo mfupi, wenye nguvu, na vipande vyake si vingi. Ndiyo sababu majeshi yalipohamia bunduki za risasi nyingi, mtambo wa Martini haukutupwa. Baada ya Vita vya Makaburu vya 1899 hadi 1902, Jemadari Lord Roberts aliwahimiza raia wa Uingereza wajifunze kulenga shabaha, na vilabu vya bunduki ndogo vikaenea mijini na vijijini. Chama cha vilabu hivyo ndicho tangu mwaka 1947 kiitwacho National Small-bore Rifle Association. Kwa muda mrefu Martini ilipendwa sana katika vilabu hivyo.

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, viwanda viwili vya Birmingham, BSA na W. W. Greener, vilitengeneza pia Martini ndogo kwa ajili ya kuwafunza vijana wa Australia. Risasi yake ilikuwa ya inchi 0.310, yaani karibu milimita 7.9. Nyingi zimepigwa chapa ya kangaruu. Baadaye ziliuzwa kwa raia, na mafundi wakazibadilisha kwa namna nyingi. Nyingine walizitia mitutu mipya ya risasi ndogo ya inchi 0.22, ambayo ni karibu milimita 5.6, wakazifanya bunduki za mashindano.

Nilipokuwa masomoni Uingereza, darasa letu la utunzaji wa vitu vya kale lilipewa bunduki moja ya jamii hiyo, kutoka ghala la jumba dogo la makumbusho. Ilikuwa na kadi yake. Kadi ilisema: bunduki ya mafunzo ya kijeshi, pungufu. Vitu vilivyotajwa kuwa havipo vilikuwa vinne: kilengeo cha nyuma juu ya mtutu, mbao yake ya mbele, pini ya kugonga ya asili, na skrubu mbili za ubavuni. Jumba lilikuwa tayari kutoa fedha kuvinunua. Sisi tuliambiwa tuihakiki kadi kabla fedha hazijatoka.

Mwalimu wetu alitukataza kugusa bisibisi. Alitupa kioo cha kukuzia, taa, kipimo cha kalipa, karatasi na penseli. Tukahakikisha kwanza kwamba bunduki haina risasi, kisha tukaanza.

Jambo la kwanza tulilotazama lilikuwa chapa. Kwenye mwili wa mtambo kulikuwa na kangaruu, basi asili yake ikajulikana. Lakini kwenye mtutu kulikuwa na herufi BNP chini ya taji. Hiyo ni alama ya nyumba ya kupimia bunduki ya Birmingham, na alama ya namna hiyo imetumika tangu 1954. Kumbe mwili ulikuwa wa kabla ya 1914, na mtutu ulikuwa umepimwa miaka arobaini au zaidi baadaye. Hapo ndipo tulipoanza kuelewa. Hatukuwa na bunduki moja pungufu. Tulikuwa na bunduki iliyoishi maisha mawili, na kadi ilikuwa imehesabu upungufu wa maisha ya kwanza tu.

Sasa tukakirudia kila kilichotajwa na kadi. Kilengeo cha nyuma juu ya mtutu: tulipitisha taa na kioo juu ya mtutu wote, hatukuona mfereji, wala tundu, wala doa la risasi ya kulehemu. Chuma kilikuwa laini mwanzo hadi mwisho. Mtutu ule haukupata kubeba kilengeo cha nyuma hata siku moja, na kisichopata kuwapo hakiwezi kupotea.

Mbao ya mbele: iliyokuwapo ilikuwa nene na bapa chini, tofauti na ile nyembamba ya mafunzo. Kadi iliihesabu kuwa si yake. Lakini ilikaa juu ya mtutu mnene bila mwanya, na weusi wa mafuta ya miaka mingi ulikuwa umepita sawasawa kutoka mbao hadi chuma. Mbao na mtutu vilikuwa vimezeeka pamoja.

Pini ya kugonga: risasi ya 0.310 hugongwa katikati ya kitako chake, lakini risasi ndogo ya 0.22 hugongwa ukingoni. Kwa hiyo fundi aliyeibadilisha alikuwa ameliziba tundu la zamani katika uso wa kizibo, akatoboa jingine pembeni kidogo, na pini akaichonga kulingana na tundu hilo. Laiti jumba lingenunua pini ya asili, lingepata kipande halali cha kiwanda kisichoweza kufanya kazi katika bunduki hiyo.

Zikabaki skrubu mbili za ubavuni. Upande wa kushoto wa mwili kulikuwa kweli na matundu mawili yenye meno, matupu. Lakini tulipoielekeza taa kwa mshazari tuliona kuwa matundu hayo yamo ndani ya mstatili wa chuma chenye rangi nyeusi-buluu iliyokoza, na pande zote za mstatili huo rangi ilikuwa imefifia kwa kushikwashikwa. Maana yake ni kwamba kitu bapa kilifunikia mahali pale kwa miaka mingi. Basi skrubu zilikuwa jambo dogo. Kilichopotea kilikuwa kitako cha kilengeo cha tundu, na kilengeo chenyewe, kile ambacho mlenga shabaha huweka jicho nyuma yake na kukirekebisha kwa vifundo. Kadi iliviona vijiti viwili, haikuiona nyumba nzima iliyong'olewa.

Mbele ya mtutu palikuwa na kipande cha chuma chenye mfereji mtupu: hapo pakikaa kilengeo cha mbele, cha mfano wa bomba fupi. Chini ya mbao palikuwa na reli, na juu ya reli mikwaruzo iliyokoma mahali pamoja: hapo pakikaa kizuizi cha mkono wa kushoto. Vitu hivyo viwili havikutajwa kabisa katika kadi.

Lakini nililotaka hasa mlisikie ni hili la mwisho. Mwalimu alipoutoa mtambo wa ndani, kila nafasi ilikuwa imejaa. Hapakuwa na tundu tupu hata moja. Tungeweza kuandika kwamba ndani hakuna upungufu. Mwenzetu mmoja, binti mtulivu asiyesema sana, akaomba kioo. Akatuonyesha pini ambayo kitoa ganda huzungukia. Ncha zake hazikuwa zimechongwa kwa mashine, zilikuwa zimekatwa kwa koleo, na tulipoipima ilikuwa nyembamba kuliko tundu lake. Ilikuwa ni kipande cha msumari wa kawaida. Mtu alipoteza pini, akaona msumari unaingia, akaridhika. Kati ya vyote vilivyopungua katika bunduki ile, hicho ndicho kilichokuwa na hatari zaidi, nacho ndicho pekee ambacho mahali pake palionekana pamejaa.

Kadi iliandikwa upya. Vilivyotajwa kuwa havipo vikafutwa vitatu, cha nne kikaelezwa kwa jina lake, na vitatu vipya vikaongezwa: kilengeo cha mbele, kizuizi cha mkono, na pini ya kitoa ganda. Umbali kati ya matundu yale mawili, kutoka kiini hadi kiini, ukaandikwa pamoja na idadi ya meno ya skrubu kwa inchi, ili atakayetafuta kilengeo akitafute kwa kipimo wala si kwa kubahatisha. Msumari haukutupwa: ulitiwa katika bahasha na kuandikwa, maana nao ni sehemu ya historia. Na bunduki ikabaki katika maisha yake ya pili. Wako waliotaka irudishwe kuwa ya kijeshi kama ilivyozaliwa. Hoja iliyoshinda ni kwamba za kangaruu zilizobaki na umbo lake la kwanza zipo katika makusanyo mengine, lakini kazi ya fundi huyu ni hii moja, nayo ikibomolewa haitarudi.

Ndugu zangu, nimeeleza kwa urefu kwa sababu mwendo huo ni ule ule katika kazi nyingine nyingi. Mhasibu akikagua vitabu, mganga akimpima mgonjwa, fundi akifungua pampu ya maji ya kijiji, wote huulizwa: kimepungua nini? Kabla ya kujibu, jiulizeni mambo matatu. Kwanza, kimepungua kulingana na kitu gani? Maana kitu kilichobadilika hakipimwi kwa umbo lake la zamani. Pili, yaliyobaki yanasema nini? Tundu, doa, mkwaruzo, rangi iliyokoza, hivyo ndivyo mashahidi. Tatu, je, kilichojaza nafasi ni chenyewe, au ni msumari? Nawaambieni wazi, nikiwa mtumishi wa Serikali: hatari kubwa maofisini si kiti kitupu, kwa kuwa kiti kitupu kila mtu hukiona. Hatari ni kiti kilichokaliwa na asiyeiweza kazi, na daftari lililojazwa tarakimu za kukisia. Ukaguzi wa juu juu hupita hapo na kuandika: kamili.

Wadogo zangu, neno moja la tahadhari kabla sijakaa. Baadhi yenu mna babu walioacha gobori au bunduki ya zamani juu ya dari. Haya niliyoyasema yasiwe sababu ya kuishusha na kuifungua. Silaha kuukuu isiyojulikana huenda ina risasi ndani, na iliyopungukiwa kipande yaweza kumuumiza anayeishika kuliko anayeelekezewa. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mwambieni mzazi, naye aende kituo cha polisi. Macho na akili mnaweza kuvizoeza kwa vitu vingine: saa iliyosimama, redio iliyonyamaza, au mizani ya maabara yenu hapa shuleni. Wazee walisema, ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Nami naongeza kwamba ukiona havielei, usikimbilie kununua ubao. Tafuta kwanza mahali maji yanapoingilia.