MZIMU AU JIKO LA MAKAA?

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa viongozi wa vikundi vya akina mama, vijana na wazee wa kanisa. Tumeyachapa karibu yote jinsi yalivyosemwa.)



Nimeombwa nizungumze juu ya mizimu. Naona wengine mnacheka, na wengine hamcheki hata kidogo. Hao wasiocheka ndio ninaotaka kuzungumza nao hasa. Katika nchi yetu habari hizi si hadithi za kuwalaza watoto tu. Watu wamekufa kwa ajili yake. Mwezi wa Mei 2008, huko Kisii, watu 11, wengi wao wazee, waliuawa kwa moto wakishukiwa kuwa wachawi. Tena Oktoba 2021, katika sehemu za Marani, Kisii hiyo hiyo, akina mama wanne waliuawa na umati kwa shutuma kama hizo.

Mambo haya huanza pole pole. Kuna kelele juu ya paa usiku. Mtoto anaweweseka. Mama anaona kivuli cha mtu mlangoni. Asubuhi familia inauliza, "Nani ametutumia?" Swali hilo likishaulizwa, jibu lake ni lazima liwe jina la mtu. Na jina hilo, mara nyingi, ni la bibi kizee anayekaa peke yake, asiye na mtoto wa kumtetea.

Leo nataka tujifunze kuuliza swali lingine kwanza. Badala ya "Ni nani?" tuulize, "Ni nini?"

WAZEE WETU WALISEMAJE

Kila kabila lina jina la roho za marehemu. Wakamba husema aimu, Wakikuyu ngoma, Wajaluo juogi. Wamijikenda kule Pwani husema koma, na baadhi yao huwachongea marehemu wao wakuu vigango vya mti na kuvisimamisha karibu na boma. Kwa wazee wetu roho hizi hazikuwa wageni wa kutisha kama zile za sinema. Zilikuwa ni jamaa. Mtu akimwota baba yake marehemu, alijiuliza kama kuna deni halijalipwa, au ndugu wamegombana, au kuna mtoto hajapewa jina la ukoo. Yaani ndoto ilimrudisha mtu kwenye wajibu wake.

Hata ile hadithi ya Mombasa mnayoijua, ya msichana mrembo anayesimamisha magari usiku, na dereva akimtazama miguu anaona kwato, ilikuwa na kazi yake. Iliwaonya wanaume wasibebe kila wanachokiona gizani! (Kicheko.)

Sikuja hapa kubishana kama roho zipo au hazipo. Hilo nawaachia wahubiri wetu. Lakini mtakumbuka katika Luka sura ya 24, wanafunzi walipodhani wameona roho, hawakukemewa kwa kutaka kujua. Waliambiwa waguse na waangalie. Basi kuchunguza si dhambi.

WALIOJARIBU KUCHUNGUZA

Huko Uingereza, mwaka wa 1882, wasomi walianzisha chama mjini London cha kuchunguza habari za mizimu na mambo mengine ya ajabu. Nia yao ilikuwa kuyaangalia bila kuyakubali wala kuyakataa kabla ya kuona ushahidi. Chama hicho kipo mpaka leo.

Siku hizi mmeona kwenye televisheni na simu watu wanaoingia nyumba za zamani usiku wakiwa na vipimo vinavyolia. Msibabaike. Kipimo kile ni cha nguvu za umeme na sumaku. Kikilia karibu na ukuta, kinawaambia kwamba pengine kuna waya hapo, au friji upande wa pili. Mzimu hakiujui.

Lakini wako waliochunguza vizuri. Mwingereza mmoja, Vic Tandy, alikuwa mhandisi katika maabara ambayo watu walisema ina mzimu. Usiku mmoja akiwa peke yake alipata jasho la baridi, nywele zikamsimama, akaona kitu cha kijivu kando ya jicho. Alipogeuka kukitazama, hakipo. Kesho yake alileta upanga wake wa michezo autengeneze. Alipoubana kwenye jiliwa, ukaanza kutetemeka wenyewe. Wengine wangekimbia. Yeye akapima. Akagundua kwamba feni mpya iliyofungwa hapo ilikuwa ikitoa mngurumo wa chini mno, mitetemo kama 19 kwa sekunde. Sikio la mtu haliwezi kusikia vizuri sauti ya chini hivyo, lakini mwili unatikisika. Ufungaji wa feni ulipobadilishwa, mzimu nao ukahama. Aliandika habari hiyo mwaka wa 1998, ikachapishwa katika jarida la chama kile kile cha 1882.

NYUMBA ILIYOKUWA NA "WATU" NDANI

Kisa cha pili ndicho kilichonileta hapa. Mwaka wa 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, aliandika juu ya familia moja iliyohamia nyumba kubwa ya zamani. Baada ya muda mfupi wote wakaanza kuumwa na vichwa na kuchoka. Watoto wakapauka. Maua ya ndani yakanyauka. Usiku walisikia nyayo za watu na vyombo vikisogezwa. Mama wa nyumba aliona mwanamke mgeni amevaa nguo nyeusi akimjia. Hata watumishi walisikia na kuona mambo.

Ndugu zangu, kama ingekuwa kijijini kwetu, tungekwisha kupata jina la mtu siku nyingi!

Wao walibahatika. Jamaa yao alikumbuka kusoma habari za familia nyingine iliyopatwa na mambo kama hayo kwa sababu ya hewa mbaya. Tanuri la kupasha nyumba joto likakaguliwa. Lilikuwa bovu, na gesi yake, badala ya kupanda kwenye dohani, ilikuwa ikiingia vyumbani. Lilipotengenezwa, maumivu yakaisha na "watu" wakaondoka.

Gesi yenyewe ni kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu. Hutoka kila mahali moto unapowaka bila hewa ya kutosha. Ikiingia kwenye damu hukaa mahali pa oksijeni, na ubongo ukikosa oksijeni mtu huchanganyikiwa, na anaweza kuona na kusikia visivyokuwapo.

Sasa nawauliza, hapa kwetu nani ana tanuri? Hakuna. Lakini nani ana jiko la makaa? Naona mikono yote imeinuliwa.

Mwezi wa Juni na Julai, baridi inapokaza, watu huingiza jiko chumbani, hufunga dirisha, huziba na nguo chini ya mlango, wakalala. Wanasema makaa yameshika vizuri, ni mekundu, hayana moshi. Lakini moshi ukiisha, gesi hii haijaisha. Kila mwaka tunasikia familia iliyokutwa imekufa asubuhi, na matanga hayajaisha kabla mtu hajanong'ona kwamba kuna mkono wa mtu.

Basi shikeni haya. Mkiumwa kichwa nyumba nzima pamoja, mkasikia kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea, na mkitoka nje mnapata nafuu, msitafute mchawi. Toeni jiko. Fungueni milango. Aliyezimia atolewe nje mara moja apelekwe hospitali, maana anahitaji oksijeni. Msimpe maziwa mkidhani yataondoa sumu. Sumu hii iko kwenye damu, haiko tumboni. Na jiko lisilale ndani, hata kama dirisha liko wazi kidogo. Jenereta pia isiwashwe ndani ya nyumba.

JINAMIZI

Jambo la tatu. Wangapi wamewahi kuamka usiku, macho yako wazi, lakini mwili hausogei, kifua kimekaliwa na kitu, unataka kupiga kelele na sauti haitoki? Kiswahili kina neno lake tangu zamani: jinamizi.

Ndugu zetu wa Zanzibar wanajua jambo hili lilivyoweza kuwasha nchi. Mwaka wa 1995 hofu ya Popobawa ilienea Pemba na Unguja. Watu walisema anawakandamiza vitandani. Familia zikalala nje kwa makundi, zikikesha kando ya moto. Na katika mji wa Zanzibar mtu mmoja mgonjwa wa akili, mgeni kutoka bara, aliuawa na umati uliodhani ndiye Popobawa. Hofu ilikuwa ya kweli. Lakini aliyekufa alikuwa mgonjwa.

Madaktari wanaeleza hivi. Tunapoota, ubongo hulegeza misuli ili tusiamke na kutenda tunayoyaota. Mara nyingine akili huamka kabla ya mwili kufunguliwa. Ndoto haijaisha, na wewe unaona chumba chako. Hali hiyo hukaa sekunde chache au dakika moja, mbili, kisha hupita. Huwapata zaidi wasiolala vya kutosha, wanaobadilisha zamu kama askari wa usiku, na wanaolala chali. Dawa yake ni kulala kwa saa za kawaida na kulala ubavu. Ikija, usipigane nayo. Jaribu kusogeza kidole kimoja tu. Ikizidi, mwone daktari.

TUFANYE NINI?

Nawaachia mambo matano ya kufundisha katika vikundi vyenu.

1. Andikeni. Ni saa ngapi, chumba gani, nani alikuwapo, hali ya hewa ilikuwaje, moto gani ulikuwa ukiwaka. Habari iliyoandikwa siku hiyo haikui kama ile inayopita midomoni.

2. Angalieni paa mchana. Mabati yakipoa usiku hujikunyata na kulia. Panya hukimbia darini. Bundi naye amefuata panya hao, hakuleta kifo. Mkulima anayemwua bundi anawafuga panya wa kumaliza mahindi yake.

3. Angalieni jiko, kama nilivyosema.

4. Mgonjwa aende hospitali kwanza. Mwenye homa kali anayezungumza na watu wasioonekana, huenda ni malaria imepanda kichwani, na kila saa moja ina thamani. Kifafa kina dawa. Ugonjwa wa akili unatibiwa. Kumwombea ni vizuri, lakini maombi yapande gari pamoja naye, yasimzuie mlangoni.

5. Msitaje jina la mtu. Hata Sheria ya Uchawi ya Kenya, iliyotungwa mwaka wa 1925, ilifanya kuwa kosa kumshutumu mtu uchawi ovyo. Mkisikia vijana wanakusanyika kwa sababu hiyo, mwambieni chifu na polisi usiku huo huo, msingoje kuche.

Mwenyekiti, namalizia. Mtaniuliza, "Na kama tumechunguza yote na bado hatujui?" Basi semeni hatujui. Hakuna aibu. Neno "hatujui" halijawahi kumchoma mtu moto.

Leo jioni, kabla ya kulala, kila mmoja atoe jiko nje. Na yule bibi mnayemsemasema hapo kijijini, wiki hii kikundi kimoja kimpelekee kuni na maji, kikae naye, kizungumze naye. Mtu mnayekunywa naye chai ni vigumu kumwogopa.

 Sasa nipo tayari kwa maswali.