Maumivu ya Mgongo Yasiyoisha: Mazungumzo na Wanaushirika



Leo sizungumzii bei. Nazungumzia migongo ya vijana wetu walioko Kariakoo. Viazi na nyanya zetu zikishushwa pale, wanaobeba ni wao. Hata jina Kariakoo lenyewe limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kwa hiyo kijana akisema mgongo unauma, kila mtu anamjibu, "Si mizigo hiyo!" Anakandwa, anachanjwa chale, ananunua vidonge vya maumivu dukani. Miezi inapita.

Sikilizeni vizuri. Maumivu ya mizigo mara nyingi hupungua mtu akipumzika. Kifua kikuu cha uti wa mgongo hakijali mapumziko. Kinauma hata usiku, wiki baada ya wiki, jioni homa, kitandani jasho, suruali nayo inaanza kulegea kiunoni. Ndiyo, kifua kikuu! Vijidudu huingia kwa pumzi, husafiri na damu mpaka kwenye pingili, vikazila. Pingili ikibonyea mgongo hutoa nundu, na miguu inaweza kupooza.

Tena mgonjwa huenda asikohoe hata kidogo. Makohozi yakipimwa yanakutwa safi, naye anaambiwa aende zake. Asiende! Anahitaji picha ya mgongo, na mara nyingine sindano ya kuchukua usaha au kipande cha mfupa kikapimwe. Hospitali ya Mnazi Mmoja iko karibu na soko. Mabingwa wa mifupa wako MOI, pale Muhimbili. Miguu ikilegea au mkojo ukigoma kutoka, aende siku ileile.

Dawa za kifua kikuu ni bure katika vituo vya serikali. Kwa mapafu kawaida ni miezi 6. Kwa mgongo huweza kufika 12. Miezi 2 ya mwanzo ni dawa aina 4. Mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa, msishtuke, ni dawa hiyo. Wengi hupona bila kupasuliwa. Balaa ni pale maumivu yanapopoa: kijana anaona amepona, anarudi kwenye mkokoteni, vidonge anavitupa.

Kwa hiyo naiomba kamati: kijana aliye kwenye dawa asibebeshwe magunia yetu, apewe kazi ya kuyahesabu. Na akirudi nyumbani msimtengee kikombe. Daktari akithibitisha kwamba mapafu yake ni salama, huyo hamwambukizi mtu.